Mto Huhama, Mlima Hauhami

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Chiriku alikuwa ameshasema maneno mengi kuliko yale ambayo watu wengine huyasema mpaka saa sita mchana. Aliongea akifunga kamba za viatu, akaongea akinywa uji, akaongea njia nzima ya kwenda shule. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Bibi yake ndiye aliyempa hili jingine, siku aliyochoka kumsikiliza, nalo likamganda kama kupe.

Mwenzake wa njiani alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye wote walimwita Twiga kwa sababu ya miguu yake mirefu. Twiga hakuwa msemaji. Chiriku alisema kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu moja mwalimu wao wa historia aliingia darasani akiwa na karatasi kubwa mkononi. Aliitandaza juu ya meza ya mbele na kuwaita wanafunzi wote wa darasa la sita waizunguke.

"Hapa ni nyumbani kwenu," alisema, "kama palivyokuwa kabla wazazi wenu hawajazaliwa."

Ilikuwa nakala ya ramani iliyochorwa katika miaka ya hamsini. Wanafunzi walitafuta shule, hawakuiona. Walitafuta zahanati, haikuwapo. Hata barabara ya lami ilikuwa kijia chembamba. Karatasi nzima ilijaa mistari iliyopindapinda kama alama za kidole gumba.

"Hiyo mistari ni kontua," mwalimu alieleza. "Kila mstari unapita mahali penye kimo kilekile. Ikibanana, mlima ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Sasa kila wawili watachagua alama moja. Mtamuuliza mtu mzima anayepakumbuka mahali hapo, mtakwenda wenyewe kwa miguu, kisha mtaandika mlichokiona. Ofisi ya kumbukumbu ya wilaya inaandaa orodha ya mahali pa historia. Kazi iliyofanywa vizuri itaingia kwenye orodha, na mahali penyewe patawekewa kibao."

Chiriku aliweka kidole chake haraka kwenye kundi la vidoti vyeusi kando ya mto. Vidoti hivyo vilikuwa nyumba, na katikati yake palikuwa na kiduara kidogo.

"Hiki ni kisima!" alipiga kelele. "Mwalimu, hapa ni kijiji cha bibi yangu! Kile ambacho watu husema hakijawahi kuwapo!"

Darasa likacheka, lakini jambo hilo halikuwa la kuchekesha kwa Bibi. Tangu Chiriku apate akili, alimsikia bibi yake akisimulia juu ya kijiji alichozaliwa, kule bondeni, chenye kisima kilichojengwa kwa mawe. Majirani wengi walihamia sehemu hizi miaka ya baadaye. Walipakuta bondeni pana vichaka na mchanga tu. Waliokikumbuka kijiji walikuwa wamekwisha kufa, akabaki Bibi peke yake na masimulizi yake. Fundi baiskeli, jirani yao mpenda mzaha, alikuwa na kawaida ya kumwambia, "Bibi, hicho kijiji chako ulikiota ukiwa umelala na njaa."

 Bibi aliendelea kupepeta mchele wake, lakini mikono yake iliongeza kasi.

Jioni hiyo Chiriku na Twiga walimkuta Bibi ameketi barazani akichambua maharagwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmewahi. Mmefukuzwa shule?"

Chiriku alimweleza habari za ramani bila kupumua. Bibi aliweka ungo chini.

"Kijiji chetu kimo kwenye karatasi ya serikali?"

"Kimo, Bibi! Hebu tuambie kisima kilikuwa wapi."

"Kisima kilikuwa mbele ya nyumba yetu. Sasa, ule mwaka wa mafuriko, nilikuwa na miaka minane, mto ulikuja usiku ukafanya..."

"Mambo ya mafuriko baadaye, Bibi. Kisima kilikuwa karibu na mto au mbali?"

"Karibu kiasi, lakini nilikuwa nakwambia ule mto..."

"Karibu na mto," Chiriku aliandika. "Ahsante, Bibi! Twiga, twende tukamalizie hesabu."

Bibi alimtazama mjukuu wake akitimua mbio, akatikisa kichwa, akarudia maharagwe yake.

Jumatano mchana waliteremka bondeni. Kwenye nakala waliyopewa na mwalimu kisima kilikuwa karibu na mahali mto unapokata kona. Walipanga kufuata ukingo wa mto mpaka kwenye kona hiyo, halafu wahesabu hatua. Jua lilikuwa kali na matete yalikuwa marefu kuliko hata Twiga. Baada ya saa moja walifika mahali penye maji safi yasiyo na kina. Wakavua viatu. Wakarushiana maji. Walipokumbuka kazi yao, vivuli vilikuwa vimerefuka.

"Bado hatujafika kwenye kona," Twiga alisema.

"Kwani kuna haja gani? Ramani inasema kisima kipo. Bibi anasema kipo. Sisi tukiandika kipo, tutakuwa tumesema uongo?"

"Lakini hatujakiona."

"Nitakiona kwa akili," alisema Chiriku, akachukua kalamu. Aliandika: *Tumefika kwenye kisima. Mawe yake yamepangwa kwa duara na yameota kuvu. Tumekaa juu yake tukapumzika.* Akapenda alivyoandika. Kuvu hasa ndiyo iliyomfurahisha.

Twiga alisoma, akavaa viatu vyake kimyakimya.

Mwalimu naye aliipenda habari ile. Aliibandika ukutani, kisha akapiga simu ofisi ya kumbukumbu. Ijumaa aliingia darasani akitabasamu.

"Chiriku, Twiga, hongereni sana! Mtunza ramani wa wilaya anakuja kesho asubuhi kukiona kisima chenu. Nimekwisha kumwambia na Bibi. Mtatuongoza."

Chiriku aligeuka kumtazama Twiga, naye Twiga alikuwa akitazama viatu vyake. 

Jumamosi asubuhi watu kama ishirini walikusanyika. Mtunza ramani alikuwa mama mnene mchangamfu, mwenye viatu vya mpira na lenzi iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Wanafunzi walimwita Mama Ramani tangu dakika ya kwanza, naye aliitika. Bibi alikuwa amevaa nguo zake nzuri kuliko zote. Kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kutembea mbali, fundi baiskeli alimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Shikilia vizuri, Bibi," alisema. "Tunakwenda ndotoni."

"Endesha, wewe. Leo utakula maneno yako bila chumvi."

Chiriku alitangulia. Aliomba moyoni kisima kiwepo tu. Walifika kwenye kona ya mto. Walihesabu hatua. Walipomaliza, walisimama kwenye uwanja wa mchanga mtupu na matete. Hapakuwa na jiwe hata moja, si la kuvu wala lisilo na kuvu.

Walizunguka nusu saa. Hatimaye fundi baiskeli alijikuna kichwa. "Bibi, au hicho kisima kimeondoka kwenda sokoni?"

Watu wakaangua kicheko. Chiriku alimtazama bibi yake, akitegemea atamjibu fundi kwa maneno makali. Lakini Bibi alikuwa akiutazama mchanga kana kwamba ameangusha kitu.

"Labda ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee ni mzee. Labda ninachanganya mambo."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. Bibi hakuwa amechanganya kitu. Aliyechanganya alikuwa amesimama pale na daftari mkononi.

"Si kosa la Bibi!" alisema kwa nguvu mpaka kicheko kikakatika. "Ni mimi. Sijawahi kufika hapa. Tulicheza majini, halafu nikaandika uongo. Kuvu na mawe, vyote nilitunga. Twiga alinikataza."

"Sikukukataza sana," Twiga alisema taratibu, akaja kusimama kando yake.

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Nimemtoa mtu ofisini kwake kwa ajili ya kuvu iliyoota kichwani mwako," alisema. "Jumatatu nitaibandua karatasi yenu ukutani."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini naomba tutafute tena. Tafadhali."

Mwalimu alimgeukia mgeni. Mama Ramani alikuwa akiutazama mto, kisha vilima, kisha mto tena. Hakuonekana amekasirika.

"Orodha inafungwa Ijumaa ijayo," alisema. "Mkitaka kutafuta, njooni ofisini Jumatatu baada ya masomo. Na mnawe mikono kabla ya kuingia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya kurudi nyumbani siku hiyo ilikuwa ndefu. Bibi hakumgombeza. Alivua nguo zake nzuri, akazikunja, akazirudisha sandukuni. Kesho yake asubuhi Chiriku alimwendea barazani na kupiga magoti.

"Bibi, nisamehe."

"Uongo wako nimekusamehe. Lakini kuna jambo jingine. Ulikuja kuniuliza, kisha hukunisikiliza. Mtu akiuliza njia halafu akaondoka kabla hajajibiwa, akipotea tumlaumu nani?"

Chiriku aliketi. "Niambie sasa, Bibi. Yale ya mafuriko."

Majirani wanasema hiyo ndiyo siku ya kwanza Chiriku kunyamaza kwa saa nzima, na mama yake alitoka jikoni mara mbili kutazama kama ni mgonjwa. Bibi alisimulia jinsi mvua ilivyonyesha siku tisa, jinsi mashamba yalivyobebwa, na jinsi watu walivyopanda juu na watoto mgongoni. Maji yalipopungua, mto ulikuwa hauko tena mahali pake. Ulikuwa umechimba njia mpya, upande wa pili wa bonde.

"Mto ulihama, Bibi?"

"Ndilo jambo nililokuwa nikikwambia, mwanangu! Ulihama, na sisi tukahama."

Chiriku alijishika kichwa. "Kwa hiyo tulihesabu hatua kutoka kwenye kona ambayo zamani haikuwapo! Ni kitu gani kingine unakumbuka? Kitu kisichohama."

Bibi alifumba macho. "Mlango wetu ulitazama vilima viwili vilivyoachana, mfano wa meno yenye pengo. Wakati wa kupanda, jua lilichomoza katikati ya pengo hilo. Baba alikuwa mhunzi. Akiliona jua pale, anaanza kuvukuta moto."

Chiriku aliandika kila neno.

Jumatatu, mikono yao ikiwa bado na maji, waliingia ofisi ya kumbukumbu. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya karatasi kuukuu, na makabati ya chuma yenye droo pana zisizo na kina, kila moja ikiwa na namba. Mama Ramani alivuta droo ya kumi na moja, akatoa ramani halisi, ile iliyonakiliwa shuleni.

Chiriku alishangaa. Nakala yao ilikuwa nyeusi tupu, lakini ramani hii ilikuwa na rangi. Mto ulikuwa buluu, kontua zilikuwa kahawia, misitu kijani. Mto wa buluu ulipita upande wa mashariki wa bonde, mbali kabisa na mahali walipocheza.

"Bibi alisema kweli," Chiriku alinong'ona. "Kwenye nakala tulidhani ni mto uleule."

"Niliutilia shaka siku ile nilipouona," alisema Mama Ramani. "Kumbukeni jambo hili siku zote: mto huhama, mlima hauhami. Ukitaka kusoma ramani ya zamani, anzia kwenye kitu ambacho bado kipo." Aliwapa lenzi. "Tafuteni pembetatu ndogo yenye nukta katikati."

Twiga ndiye aliyeiona, juu ya kilima kilicho magharibi ya bonde.

"Hiyo ni nguzo ya wapimaji. Walipanda kila kilima kirefu, wakajenga nguzo ya zege, wakapima kutoka nguzo hadi nguzo."

"Naijua!" Twiga alisema. "Wachunga mbuzi wanasema ni kaburi."

Mama Ramani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chiriku alifungua daftari na kumsomea habari za pengo la vilima viwili. Wote watatu waliinama juu ya kontua. Upande wa mashariki kulikuwa na mistari iliyozunguka kama maganda mawili ya kitunguu, na baina yake nafasi nyembamba. Mama Ramani aliweka rula kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye pengo. Ukingo wa rula ulipita juu kabisa ya kiduara cha kisima.



"Bibi yenu," Mama Ramani alisema, "ana kichwa kizuri kuliko kabati langu. Pimeni umbali."

Ulikuwa milimita ishirini na sita. Kila milimita ilikuwa mita hamsini ardhini. Twiga alikokotoa: mita elfu moja na mia tatu.

"Na ramani hupima kama ndege arukavyo," aliongeza Mama Ramani, "si kama mguu ukanyagavyo. Mteremkoni mtatembea zaidi ya inavyosema karatasi." Chiriku aliandika na hilo, ingawa hakulielewa vizuri.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kupima mita elfu moja na mia tatu porini. Hatua za Twiga zilikuwa moja na nusu za Chiriku, na zote zilibadilika kila walipochoka. Walipokuwa wakibishana mbele ya karakana ya fundi baiskeli, fundi aliinua kichwa.

"Hatua za mtu huwa na uvivu," alisema. "Gurudumu halina." Alitafuta gurudumu la mbele la baiskeli iliyokufa, akalifunga mpini wa ufagio, na kwenye spoku moja akafunga kitambaa chekundu. Walipolipima, mzunguko mmoja ulikuwa mita mbili na sentimita kumi.

"Mizunguko mia sita na kumi na tisa," Twiga alisema baada ya kupiga hesabu.

"Nami nitakuja na panga langu," fundi alisema, akijifanya anatafuta spana. "Nilicheka vibaya siku ile. Tangu hapo bibi yenu haitiki salamu yangu."

Jumatano mchana, Chiriku, Twiga, mwalimu na fundi walisimama kando ya nguzo juu ya kilima. Mbele yao, ng'ambo ya bonde, vilima viwili viliachana sawasawa kama alivyosema Bibi. Walichukua fito tatu. Twiga alitangulia na ufito mrefu, mwalimu akafuata na wa pili, wa tatu ukachomekwa kando ya nguzo. Fito zilipofichana, mmoja nyuma ya mwingine, walijua wako kwenye mstari wa kwenda kwenye pengo. Fundi alifyeka njia. Chiriku alisukuma gurudumu na kuhesabu kila mara kitambaa chekundu kilipogusa ardhi.

Kazi ilikuwa ngumu. Waliuvuka mto mahali maji yalipofika magotini, gurudumu likiendelea kuzunguka. Miiba ilimkwaruza magoti, jasho likamwingia machoni, na alipofika mia mbili na arobaini fundi alianza kusimulia kisa cha mteja wake.

"Mjomba, tafadhali! Nitapoteza hesabu!"

"Leo Chiriku ananinyamazisha mimi!" fundi alishangaa, akanyamaza.

Mia nne. Mia tano. Mia sita. Mia sita na kumi na tisa. Chiriku alisimama. Mbele yao palikuwa na kichaka kizito, na kando yake mawe manne au matano yaliyotawanyika ovyo.

Walifyeka, wakachokora, wakazunguka. Kisima hakikuwapo.

"Kwani mawe haya yana kasoro gani?" fundi aliuliza, akifuta panga. "Mawe ni mawe. Andikeni kisima kimebomoka, twende tukapumzike. Nani atajua?"

 Mwalimu alimtazama Chiriku.

Chiriku alihisi uchovu mpaka kwenye mifupa. Ingekuwa rahisi sana. Mstari mmoja tu wa kalamu. Kisha akamkumbuka Bibi akiutazama mchanga.

"Bibi atajua," alisema. "Na mimi nitajua." Akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: *Mizunguko 619. Tumefika. Hatujaona kisima.*

Alipokuwa akiandika, macho yake yalipita kwenye ukurasa wa Jumatatu. *Ramani hupima kama ndege arukavyo. Mteremkoni mtatembea zaidi.* Aligeuka kutazama kilima walichotoka. Kilikuwa kimesimama wima nyuma yao.

"Twiga! Tumeteremka mlima mzima na gurudumu limehesabu mteremko wote. Ndege asingeteremka, angeruka moja kwa moja. Mita zetu nyingine zimeishia kwenye mteremko. Bado hatujafika!"

Mwalimu alipiga makofi kwa furaha. "Endelea kusukuma!"

Fundi aliingia kichakani na panga lake, na Chiriku akafuata na gurudumu. Mizunguko mitano. Kumi. Kumi na tano. Kwenye mzunguko wa kumi na nane gurudumu liligonga kitu kigumu na kukataa kwenda mbele. Chiriku alipiga magoti, akavuta majani kwa mikono yote miwili. Lilikuwa jiwe lililochongwa upande mmoja. Kando yake kulikuwa na jingine. Na jingine. Yaliendelea yakipinda taratibu, yamebanana vizuri, mpaka yakakutana tena. Ndani ya duara, udongo ulikuwa umejaa karibu mpaka juu.

"Kisima!" Twiga alipiga kelele, na sauti yake, ambayo watu hawakuizoea, ilivuka bonde ikarudi. "Kisima! Kisima!"

Chiriku alicheka na kulia pamoja. Mwalimu alimrusha juu kama mtoto mdogo, miwani ikamtoka. Lakini fundi alikuwa ameinama hatua chache pembeni, amekamata donge jeusi, zito, lenye matundu.

"Mnajua hiki ni nini? Haya ni mavi ya chuma."

Watoto walianguka kwa kicheko.

"Chekeni tu. Mhunzi akiyeyusha chuma, uchafu unaobaki ndio huu. Nami nimekaa na chuma maisha yangu yote." Aliligeuza donge mkononi, akapunguza sauti. "Baba wa Bibi alikuwa mhunzi. Bibi alisema hivyo. Kila siku alisema hivyo."

Alhamisi kijiji kizima kiliteremka bondeni. Njia ilikuwa imefyekwa pana, na fundi alimsukuma Bibi kwenye baiskeli iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Bibi aliposhushwa, alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mawe, akaweka kiganja juu ya moja.  Kisha akanyoosha mgongo.

"Mlango wetu ulikuwa hapa. Pale baba alifua majembe. Yule mfinyanzi alikaa hapo, na mkewe alikuwa na sauti, akiita watoto mnamsikia mpaka mtoni. Hapo mwindaji. Hapo wale mapacha."

Mama Ramani alikuwa amefungua ramani yake na kuifuatisha kwa lenzi. Kila Bibi alipoonyesha nyumba, palikuwa na kidoti. Watu walianza kuhesabu pamoja kwa sauti. Kumi na tano! Kumi na sita! Kumi na saba!

"Zimekwisha," alisema Mama Ramani, macho yakimng'aa. "Ramani ina kumi na saba."

"Kumi na nane," alisema Bibi.

Mama Ramani aliinua lenzi kutoka kwenye ramani.

"Ya kumi na nane ni ya mjomba wangu. Ilikuwa pale, penye ule mwinuko. Alioa mwaka mmoja kabla ya mafuriko, akajenga."

Mama Ramani alisoma maandishi madogo chini ya ramani. Picha zilizotumika kuichora zilipigwa kutoka kwenye ndege miaka minne kabla ya mafuriko. Twiga alikwishakimbia kwenye mwinuko, na kutoka kule aliita, "Msingi! Kuna msingi wa mawe!"

Mama Ramani alichukua penseli, akaichonga, na kwenye fomu yake akaandika: *Nyumba kumi na nane.* Akamgeukia Bibi. "Mama, kwa miaka yote hii ramani ilikuwa na makosa. Ahsante kwa kuisahihisha."

Makofi yaliyopigwa hapo yaliwatoa ndege kwenye matete. Fundi baiskeli alisogea mbele ya watu wote, akavua kofia.

"Shikamoo, Bibi. Maneno yangu nimeyala. Na kweli, hayana chumvi."

"Marahaba," Bibi aliitika, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Yatafune vizuri."

Kelele zilipotulia, Mama Ramani aliwaita wanafunzi wakae kulizunguka duara la mawe.

"Mnaiona ile nguzo kule juu? Kuna mtu aliyepanda kilima kile na saruji kichwani. Hakuna aliyemwona, na jina lake halimo kwenye karatasi hii. Angeweza kukaa kivulini akaandika *nimefika*. Lakini alifika, akapima, akaandika alichokiona, na baada ya miaka zaidi ya sitini watoto wamesimama palepale wakaweza kumwamini. Neno la kweli ni hivyo. Unaliandika leo, na mtu usiyemjua atakanyaga juu yake kesho asianguke. Chiriku, mstari bora katika daftari lako si ule uliosema umekiona kisima. Ni ule uliosema *hatujaona*. Huo ndio uliowafikisha."

Mwalimu alitoa karatasi mpya na pini mfukoni. "Hii nitaibandika kesho," alisema. "Njooni wote wawili mweke majina yenu. Majina kamili, yale ya kwenye daftari la mahudhurio."

Twiga aliandika la kwake. Chiriku akapokea kalamu, lakini kabla ya kuandika alimpelekea Bibi, akamshika mkono, na jina la Bibi likaandikwa la kwanza, juu ya yote.